Mfereji wa zamani na hekta mpya: tuanzie wapi?

*«Injenia, salamu. Mimi ni mmoja wa komite ya wakulima wa mpunga katika bonde la Ruzizi, Teritwari ya Uvira, mashariki mwa Kongo. Mfereji wetu mkuu ulichimbwa wakati wa Wabelgiji. Una urefu wa kilomita 4 na upana wa mita moja na nusu hivi. Wazee wanasema kina chake kilikuwa sentimita 60. Leo ni kama 40, matope yamejaa na majani yameota ndani. Zamani hekta 200 zilipata maji. Sasa, kuanzia mwezi wa saba, wenye mashamba ya mwisho hawapati hata tone, na kila siku ni ugomvi. Mtoni tunapanga mawe na mifuko ya mchanga, mvua kubwa ikija inabeba yote. Kuna mfadhili ametuahidi fedha. Komite inataka tupige simenti mfereji wote, kisha tuurefushe tufungue hekta 120 mpya kwa ajili ya vijana. Wengine wanasema tununue mashine ya kuvuta maji ya Ruzizi yenyewe. Mfadhili anataka jibu kabla ya mwaka kuisha. Je, simenti itatosha? Tuanzie wapi?»*

Ndugu yangu, asante kwa swali lenye vipimo ndani yake. Watu wengi huniandikia tu kwamba «maji yamepungua», na hapo siwezi kusema kitu cha maana. Wewe umenipa urefu, upana na kina, kwa hiyo tunaweza kupiga hesabu pamoja.

Nianze na jibu lenyewe, maana najua komite inasubiri. Msianze na simenti. Msifungue hekta hata moja mpya kabla wenye mashamba ya mwisho hawajapata maji yao katika mwezi wa nane na wa tisa. Na mashine ya kuvuta maji ya Ruzizi iwe ya mwisho kabisa katika mawazo yenu. Najua jibu hili halitawafurahisha vijana wanaosubiri ardhi. Nisikilizeni kwanza, kwa sababu hata hao vijana wataumia wakipewa mashamba yasiyo na maji.

Tuanze na kina. Mfereji uliokuwa na sentimita 60 ukabaki na 40 umepoteza theluthi moja ya nafasi yake, na mtu hudhani basi maji nayo yamepungua kwa theluthi. Sivyo. Kina kikipungua, maji hukwaruzana zaidi na udongo wa chini na wa pembeni, hivyo yanapungua na mwendo wake unapungua pia. Mkijumlisha hayo mawili, mfereji wenu sasa unaweza kubeba karibu nusu tu ya maji uliyobeba zamani. Ongezeni majani: mfereji uliojaa majani unapitisha kama nusu ya maji ya mfereji safi wenye kina kilekile. Nusu ya nusu ni robo. Huenda huo ndio ugonjwa wenu mkubwa, na dawa yake ni jembe, chepeu na panga.

Hebu tuhesabu kazi yenyewe. Kuondoa sentimita 20 za matope kwenye upana wa mita 1.5 na urefu wa kilomita 4 ni mita za ujazo 1,200. Mtu mmoja mwenye chepeu akitoa mita za ujazo 2 kwa siku, mtahitaji siku 600 za kazi. Mkiwa wakulima 300, ni salongo, yaani kazi ya pamoja ya jamii, ya siku mbili kwa kila mmoja. Sasa linganisheni na simenti: sakafu na kuta za mfereji huo ni kama mita 3 ukizipima kwa kuzunguka, unene wa sentimita 8, hivyo kila kilomita inataka mita za ujazo 240 za zege, na kila mita ya ujazo hula mifuko 7 hivi ya kilo 50. Ni karibu mifuko 1,700 kwa kilomita moja, karibu 6,700 kwa mfereji wote, bila kuhesabu mchanga, kokoto, mafundi na usafiri. Na mnajua wenyewe barabara ya kutoka Bukavu kuteremka Ngomo hadi bondeni inavyokuwa mvua zikiisha kuipiga, na jinsi inavyofungwa mambo yakiharibika. Mkifanya mpango unaotegemea malori mengi ya simenti, mpango wenu unaweza kusimama katikati, na mfereji uliobomolewa nusu ni mbaya kuliko uliozeeka.

Onyo moja kabla ya kushika machepeu. Msichimbe kwa kukisia. Mfereji hutembeza maji kwa sababu ya mteremko mdogo sana, pengine nusu mita tu kwa kila kilomita. Ukichimba shimo hapa na kuacha kigongo pale, maji yatalala shimoni na matope yatarudi katika msimu mmoja. Tafuteni vile vizingiti vya zege au mawe vya zamani: kwenye vigawio vya maji, chini ya vivuko, mahali mfereji unapopita chini ya barabara. Vikwangueni hadi vionekane. Usawa wa vizingiti hivyo ndio usawa wa sakafu ambao waliouchora mfereji waliutaka, na ndio mtakaoufuata mkivuta kamba kutoka kimoja hadi kingine. Msikubali mtu yeyote avivunje kwa kusema vinazuia maji.

Sasa kuhusu simenti yenyewe. Watu huamini kwamba maji yote yanayopotea njiani yanazama ardhini, na wengine kwamba jua linayanywa. Jua tulitoe kwenye orodha. Mfereji wenu wote, ukitazamwa kutoka juu, ni kama mita za mraba 6,000, na hata kiangazi kikali kikinyanyua milimita 6 kwa siku, hiyo ni chini ya nusu lita kwa sekunde. Si kitu. Kuzama ardhini ni kweli, lakini kunategemea udongo. Udongo wa mfinyanzi ulioshikamana hunywa sentimita 10 hadi 20 za maji kwa siku, na kwa mfereji wenu mzima hiyo ni kama lita 14 hadi 28 kwa sekunde. Udongo wa kichanga unaweza kunywa mara nne au tano zaidi. Kwa hiyo swali linabadilika: ni sehemu zipi za mfereji zenye kichanga? Hizo, na hizo tu, ndizo za kupigiwa zege au kupakwa udongo wa mfinyanzi uliopondwa vizuri. Mara nyingi ni mita mia kadhaa, wala si kilomita 4.

Maji mengine yanapotelea wapi? Kwenye matundu. Milango ya maji iliyooza isiyofungika. Kingo zilizokatwa usiku na mtu aliyechoka kungoja zamu yake. Mahali ng'ombe wanaposhuka kunywa na kulainisha ukingo. Mashimo ya panya na ya kaa. Hayo yote hayahitaji zege la kilomita 4. Yanahitaji kujulikana moja moja, na kuyajua hakuna gharama.

Njia ni hii. Chagueni mahali mfereji umenyooka kwa mita 20. Pimeni upana wa maji na kina chake sehemu tatu au nne, mpate wastani. Tupeni ndimu au chungwa bovu katikati ya maji, mhesabu sekunde linazotumia kupita mita hizo 20. Fanyeni mara tano hivi. Tuseme ni sekunde 40: mwendo ni nusu mita kwa sekunde. Upana wa mita 1.2 mara kina cha nusu mita ni 0.6. Zidisheni 0.6 kwa 0.5, kisha kwa 0.7, kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini na ya pembeni. Mtapata 0.21, yaani lita 210 kwa sekunde. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kuonyesha mwizi. Pimeni pale maji ya mto yanapoingia kwenye mfereji, kisha kila nusu kilomita hadi mwisho, siku moja, huku mkiandika kila mlango uliofunguliwa njiani na unatoa kiasi gani. Pale ambapo maji yanashuka ghafula kati ya vituo viwili na hakuna mlango halali, piteni ukingoni kwa miguu mtazame. Kama yanashuka polepole kila mahali, hapo ndipo udongo unakunywa.

Mkimaliza hapo, nendeni mtoni, maana huko ndiko matope yanakotoka. Mito yenu inashuka kwa kasi kutoka milima iliyo juu ya bonde, na miteremko mingi huko imebaki bila miti. Mvua ikinyesha, mto unabeba mawe, kokoto, mchanga na udongo kwa pamoja. Mlango wenu, nadhani, unachukua vyote bila kuchagua. Mkipiga zege mfereji mzuri kisha mkauachia mto huo uingie, mtakuwa na mfereji wa zege uliojaa mchanga. Kwa hiyo, kama ningepewa fedha za mfadhili wenu kuzipanga mimi, sehemu kubwa ya kwanza ingekwenda kwenye mita 100 za mwanzo: kizuizi imara cha kuinua maji mtoni, mlango mkubwa pembeni yake wa kusukumia kokoto zirudi mtoni, na baada tu ya mlango wa mfereji, bwawa dogo refu ambamo maji yanapunguza mwendo hadi chini ya sentimita 30 kwa sekunde ili mchanga utue. Bwawa hilo liwe na tundu la chini la kufungua na kuosha mchanga urudi mtoni. Na mvua kubwa inapoanza, mtu mwenye dhamana afunge mlango wa mfereji kabisa kwa saa chache. Maji ya gharika hamyahitaji. Ndiyo yanayowaletea matope ya mwaka mzima.

Kuhusu kizuizi chenyewe, mtaambiwa gabioni, zile sanduku za waya zilizojaa mawe. Gabioni ni nzuri: mawe yako karibu, vijana wenu wanaweza kuzifuma na kuzitengeneza, na hupinda bila kuvunjika ardhi ikisogea. Ila mahali ambapo mto unaviringisha mawe makubwa, waya unakatwa, na kizuizi kinafunguka baada ya misimu michache. Huko inabidi zege lenye mawe makubwa ndani, au angalau kofia ya zege juu ya gabioni. Vyovyote mtakavyochagua, kinachoua vizuizi ni maji yanayoanguka upande wa chini na kuchimba mguu wao hadi vinalala. Pasipo sakafu nzito ya mawe upande huo, na pasipo ukuta ulioshuka chini ndani ya ardhi, msiweke fedha. Nyote mliona Mulongwe ilivyofanya Uvira mwezi wa nne mwaka 2020: mto unaoonekana mdogo kiangazi ulibeba nyumba na watu. Hapa sitawapa vipimo kwa maandishi. Kizuizi cha mtoni kinachorwa na injenia aliyesimama mahali penyewe, akaona alama za gharika kubwa kwenye kingo na kuuliza wazee maji yalifika wapi.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye barua yako, na ningependa kujua: usiku maji yanakwenda wapi? Karibu kila mahali ninapouliza, jibu ni kwamba watu wanamwagilia mchana, na jioni wanarudi nyumbani huku mfereji ukiendelea kumwaga maji hadi Ruzizi. Ikiwa ni hivyo kwenu, mnatupa nusu ya maji yenu kila siku, na hakuna simenti itakayowarudishia. Dawa ya kwanza ni zamu za usiku, zinazotangazwa wazi na zenye mlinzi wa maji anayelipwa. Najua usiku si wa kila mtu; mama mwenye watoto hawezi kukaa shambani saa nane za usiku, na kuna nyakati ambapo hata mwanaume hafai kutoka. Dawa ya pili ni bwawa la kulaza maji ya usiku. Lita 200 kwa sekunde kwa saa 12 ni mita za ujazo 8,640. Kwa kina cha mita moja na nusu mnahitaji zaidi kidogo ya nusu hekta. Mkilijenga karibu na mashamba ya mwisho, linakuwa akiba ya wale wanaokosa siku zote. Mimi napenda sana suluhisho hili, kwa sababu linampa wa mwisho maji yake bila kumwomba wa kwanza.

Sasa tuje kwenye hekta 120. Mpunga uliofurika maji, katika joto la bonde, unatumia milimita 5 hadi 6 kwa siku kupitia majani na uso wa maji, na milimita chache nyingine zinazama. Lita moja kwa sekunde, ikitiririka usiku na mchana, inaweka milimita 8.6 juu ya hekta moja. Kwa hiyo shikeni kanuni rahisi: kiangazi, kila hekta ya mpunga inahitaji lita moja kwa sekunde shambani, saa 24. Wakimwagilia mchana tu, inakuwa lita mbili. Tuseme mto unawapa lita 210 mwezi wa nane na 4 kati ya 10 zinapotea njiani: zinazofika ni 126, ambazo ni hekta 126. Mkirekebisha mfereji hadi upotevu ukawa robo, mnapata hekta 157. Hata hapo hamjafika 200 za zamani. Hizo 120 mpya zitakunywa nini?

Hesabu zenu za kweli zitatofautiana na hizi, na huenda zikawa nzuri zaidi. Ndiyo maana nasema pimeni mto wenyewe, mwaka ukiwa mkavu, mwishoni mwa kiangazi kabla mvua za mwezi wa tisa hazijashika. Kipimo cha mwezi wa nne hakina maana kwa upanuzi; mwezi wa nne hata mfereji wa barabarani una maji. Na msitegemee mwaka mmoja. Mpango wa umwagiliaji hujengwa juu ya maji yanayopatikana angalau miaka 4 kati ya 5. Kama hakuna aliyeandika vipimo, wazee walioona miaka mibaya ndio kitabu chenu cha kwanza. Tena waulizeni wanaotumia mto huohuo chini yenu. Maji mtakayoongeza kuchukua, mtakuwa mmeyatoa kwao, na ugomvi wa maji kati ya vijiji hautulizwi na mfadhili.

Kupanua kunawezekana, lakini si kwa mpunga wa mwaka mzima. Njia ninayoiona ni kupanua kwa msimu: hekta mpya zilime mpunga mvua zikiwepo, mfereji ukiwasaidia tu pale mvua inaporuka wiki, na kiangazi zilime mahindi, maharage, vitunguu au nyanya kwa mistari. Mazao hayo hayahitaji kufurikwa, na kwa jumla yanatumia kama nusu ya maji ya mpunga. Vijana wengi hupata fedha haraka zaidi kwa vitunguu na nyanya, ingawa soko la nyanya linaporomoka wote wakivuna siku moja, na hilo waambieni kabla hawajapanda.

Kuna maji mengine ya kupata ndani ya mashamba yenyewe. Mpunga hauhitaji kusimama ndani ya maji kila siku. Watafiti wa IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga huko Ufilipino, wameeneza mbinu ya kuachia shamba likauke kidogo kisha kulifurisha tena: unazika bomba lenye matundu, urefu wa sentimita 30, sehemu ya juu ikiwa nje, maji ndani ya bomba yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo unafungulia tena. Wakati wa kutoa maua usiruhusu kukauka. Weka sentimita 5 za maji. Mbinu hii inaweza kuokoa hadi theluthi ya maji bila kupunguza mavuno, mradi shamba limesawazishwa vizuri na palizi inafanywa kwa wakati, kwa sababu shamba likikauka magugu hufurahi. Ila ina sharti moja gumu: mkulima atakubali kuacha shamba likauke ikiwa tu ana hakika kwamba siku ya zamu yake maji yatakuja. Pasipo zamu za kuaminika, kila mtu atafurisha awezavyo, na ninamwelewa.

Panga pia tarehe za kulima. Kulowesha na kuvuruga udongo kabla ya kupandikiza kunakula kama milimita 200. Hekta 200 zikifanya hivyo kwa pamoja katika wiki mbili, mnahitaji lita 330 hivi kwa sekunde kwa kazi hiyo tu. Mkigawa kwa mwezi mmoja, kama 155. Gaweni mashamba katika vipande vitatu au vinne, na mwaka mmoja waanze wa chini, mwaka unaofuata wa juu. Msiachanishe zaidi ya wiki nne au tano, maana ndege na magonjwa hulisubiri shamba lililochelewa.

Kuhusu mashine kwenye Ruzizi. Nawaelewa wanaosema «mto mkubwa uko pale, sisi tunakufa kiu». Lakini kuinua lita 100 kwa sekunde kwa mita 20 kunahitaji injini ya kilowati 40 hivi, na injini hiyo hunywa kama lita 12 za mazutu (dizeli) kwa saa. Ikifanya kazi saa 20 kwa siku, ni zaidi ya lita 200 kila siku, kwa hekta zisizofika 100. Pigeni hesabu kwa bei ya mazutu ya kwenu mlinganishe na bei ya mpunga. Nishati ya jua inaondoa mazutu, lakini inavuta mchana tu, na paneli zinahitaji ulinzi. Kiwango cha Ruzizi nacho hupanda na kushuka kufuatana na mabwawa ya umeme yaliyo juu, na ni mto wa mipaka, kwa hiyo ruhusa zake si za komite wala za usultani (utawala wa mwami, yaani chifu wa jadi) peke yake.

Tena maji yenyewe si sawa na ya mito ya milimani. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu, na maji ya Kivu yana sodiamu na bikabonati nyingi na kalisi kidogo. Maji ya namna hiyo yakitumika miaka mingi kwenye udongo mzito wa mfinyanzi, sodiamu hushika chembe za udongo na kuzitawanya: uso unakuwa mgumu, maji hayapenyi, na hatimaye mnaona chumvi nyeupe kiangazi. Mito midogo inayoingia njiani huyapunguza makali, ndiyo, lakini mimi nisingetumia maji hayo kabla ya kuyapima maabara pamoja na udongo wenyewe.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo ambalo mipango mingi inalisahau: mifereji ya kutoa maji. Kila mtu anataka maji yaingie, hakuna anayelipia yatoke. Maji yasipotoka, meza ya maji ya chini inapanda hadi kwenye mizizi, na kiangazi jua linavuta chumvi juu. Sehemu za chini za bonde, karibu na Ruzizi na kuelekea ziwa, ndizo zenye hatari zaidi. Na Ziwa Tanganyika lilivyopanda miaka hii hadi kuingia kwenye mitaa ya Uvira, mitaro ya huko chini haina tena pa kumwagia. Kama hekta zenu 120 ziko upande huo, chimbeni mashimo ya mita moja na nusu sehemu kumi tofauti mwone maji yanasimama wapi, mwezi wa nne na mwezi wa nane. Ardhi ambayo ukichimba unakuta maji kabla ya kufika mita moja, au inayoonyesha unga mweupe, isifunguliwe bila mitaro. Na mitaro ya zamani ifufuliwe pamoja na mfereji mkuu, katika salongo ileile.

Bado kuna watu. Mfereji wenu ulijengwa na serikali iliyokuwa na uwezo wa kumlazimisha mtu kuusafisha. Nyinyi hamna nguvu hiyo na hampaswi kuitaka. Mna makubaliano. Kwa hiyo andikeni: salongo mara mbili kwa mwaka kabla ya kila msimu, mchango wa maji unaolipwa kwa kilo za mpunga baada ya mavuno, mlinzi wa maji anayelipwa kutokana na mchango huo, na hesabu zinazosomwa mbele ya wote. Kiasi cha mchango msikikisie. Orodhesheni gharama za mwaka mzima, kisha mzigawe kwa hekta. Mahali ambapo milango ya chuma huibwa, jengeni vigawio visivyo na mlango, ambavyo maji yanajigawa yenyewe kwa upana wa kila tundu: wenye hekta 60 wana tundu la sentimita 60, wenye 40 wana la 40. Mtu yeyote anaweza kusimama pale na rula akathibitisha kwamba hakuibiwa. Kwa ugomvi kama wenu, hicho kina thamani kuliko hotuba nyingi.

Mwekeni kwenye komite mtu wa mashamba ya mwisho, na mama wanaolima wawemo kwa sauti yao wenyewe. Wafugaji waitwe pia. Wajengeeni mahali pa kunyweshea penye sakafu ya mawe, ng'ombe hawataacha kunywa kwa sababu mmeandika marufuku. Na kama kuna familia zinazochota maji ya kunywa mfereji huo, kipindupindu cha Uvira na kichocho cha ukanda wa ziwa vinatosha kunifanya niseme: sehemu ya fedha ya mfadhili iende kwenye maji safi ya kunywa. Mkiwa mnasafisha majani, mnapunguza pia konokono wanaobeba kichocho. Watakaoingia majini wavae buti.

Kwa sheria, mambo matatu. Sheria ya maji namba 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 inafanya maji kuwa mali ya umma, na kuchukua maji kwa ajili ya mradi kunahitaji idhini, kwa hiyo fikeni kwenye huduma za teritwari mapema. Komite isiyo na hati haiwezi kushika fedha wala kudai haki. Ushirika chini ya sheria ya OHADA, yaani sheria ya pamoja ya biashara ya nchi kadhaa za Afrika, ni njia mojawapo iliyo wazi. Na hekta 120 hizo, ni za nani leo? Shamba la mtu kwa desturi likifikiwa na maji hupanda thamani, na wenye nguvu hulikumbuka ghafula. Pateni maandishi ya mwami, ya wenye mashamba na ya vijana watakaolima, yenye mipaka na muda, kabla ya jembe la kwanza. Kama tayari kuna kesi juu ya ardhi hiyo, msiijengee.

Mambo yasiyofanyika kwa barua ni manne: kupima usawa wa mfereji kwa kifaa cha kupimia ardhi, kuchora kizuizi cha mtoni, kupima chumvi ya maji na udongo, na kusoma mikataba ya ardhi. Kwa udongo na mbinu za mpunga, ulizeni kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA kule Mulungu na kitivo cha kilimo cha chuo kikuu cha UEA hapa Bukavu, wanalijua bonde. Kwa kizuizi, dai injenia aje mwenyewe na abaki siku za kutosha. Mkiona tayari ufa kwenye ukingo ulio juu ya nyumba, au maji yanayobubujika upande wa nje wa ukingo, punguzeni maji ya mfereji siku hiyohiyo mwite mtu. Hilo halisubiri mradi.

Mfadhili anataka jibu kabla ya mwaka kuisha. Mpeni jibu hili: fedha za mwanzo ziende kwenye upimaji wa usawa na mchoro wa kizuizi, za pili kwenye kizuizi na bwawa la mchanga, za tatu kwenye vigawio, sehemu za kichanga na mitaro ya kutoa maji. Hekta mpya ziandikwe kwenye mkataba kama hatua ya nne, itakayofunguliwa ikiwa mashamba ya mwisho yamepata zamu zao zote kiangazi kimoja kizima. Mfadhili akikataa kulipia upimaji na kutaka simenti ionekane kwenye picha, mwombeni msimu mmoja, na msimu huo fanyeni salongo yenu. Mkipata vipimo vya kila nusu kilomita, kabla na baada ya kusafisha, nitumieni, pamoja na picha za vizingiti vya zamani na jibu la swali langu la usiku. Tutapanga zamu pamoja kutokana na hizo.